Bakuli la Buku Nne Kule Hanoi, na Mama Lishe Tunayempita Kila Siku

 Leo siandiki habari za viwavijeshi wala za mbolea ya kukuzia. Naandika habari za msosi. Ila msiniache njiani, maana tukimaliza kula tutarudi shambani kwenu, na nina neno la kuwaambia ambalo linanihusu hata mimi bwana shamba wenu.

Mwaka jana nilibahatika kwenda Vietnam wiki mbili kwa mafunzo ya kilimo cha mpunga. Mchana tulikuwa darasani au tumezama matopeni, jioni kila mtu na hamsini zake. Pale tulipofikia, Hanoi, kulikuwa na chakula cha kizungu cha bei mbaya kisicho na ladha. Asubuhi ya pili nikasema hapana, nikatoka nje kufuata harufu ya supu. Nyie mnajua mimi na supu ya asubuhi.

Hatua kama hamsini tu nikamkuta mama mmoja kwenye kona, sufuria kubwa juu ya moto, mbele yake vigoda vya plastiki vya kimo cha goti. Watu wamekaa wamekunja magoti hadi kifuani: mfanyakazi wa ofisini na tai yake, dereva wa bodaboda, mwanafunzi, bibi kizee. Wote wanakula kitu kimoja. Nikaonesha kidole, nikakaa. Haikupita dakika mbili, bakuli likawa mbele yangu.

Kinaitwa phở. Ukitaka kutamka, sema "fa" huku sauti yako inauliza swali. Ni tambi pana za mchele ndani ya supu ya mifupa ya ng'ombe, supu iliyochemka usiku kucha na tangawizi na vitunguu vilivyochomwa kwanza kwenye moto, mdalasini, na kile kiungo chenye umbo la nyota. Juu wanaweka vipande vyembamba vya nyama, vitunguu majani na giligilani. Pembeni kuna ndimu na pilipili, unajihudumia. Nilikunywa mpaka tone la mwisho. Bei? Dong 40,000. Msishtuke na hizo sifuri. Kwa viwango vya wakati ule ukiondoa sifuri moja unapata shilingi zetu kwa kukadiria, yaani kama buku nne. Na hapo nilikuwa katikati ya mji mkuu.

Kuanzia siku ile sikula tena pale tulipofikia. Nikawa natembea na tumbo langu.

Asubuhi nyingine nilikula xôi xéo. Huu ni wali wa mchele wa kunata uliotiwa manjano, juu yake wanaparuza choroko zilizopikwa zikapondwa na kufinyangwa kama donge, kisha vitunguu vya kukaanga vinavyolia mdomoni. Mama anauza kwenye kikapu, anakufungia kwenye jani la mgomba, unaondoka unakula. Kama buku mbili hivi, na unashiba mpaka mchana. Mwenzangu wa Pemba, ambaye aliuliza kwanza ni mafuta ya nini kabla hajaonja, naye akawa mteja wa kudumu. Ndugu zangu wa Shinyanga na Simiyu mnaolima choroko, mmesikia? Choroko, kifungua kinywa cha mjini.

Mchana ni zamu ya bún chả. Hiki ni kitimoto cha kuchoma kwenye mkaa, kinatumbukizwa kwenye bakuli la mchuzi mwepesi wa samaki wenye siki, sukari na vipande vya papai bichi. Unaletewa tambi nyembamba za mchele pembeni, na sahani nzima ya majani mabichi. Wasiokula kitimoto hawakosi kitu, kuna phở ya kuku, kuna samaki, kuna tambi na jibini la soya la kukaanga. Mwaka 2016 Rais Barack Obama wa Marekani alikaa kwenye kigoda cha plastiki hapo hapo Hanoi akala bún chả pamoja na mpishi maarufu Anthony Bourdain. Bourdain alisema bili yao wote wawili ilikuwa dola 6. Rais wa taifa kubwa, dola tatu, na bia ndani yake!

Halafu kuna bánh mì, mkate mrefu wa kukauka nje na laini ndani. Mkate waliuleta Wafaransa enzi za ukoloni, Wavietnam wakaufanya wao: wanaupasua, wanajaza nyama au yai, karoti za siki, tango, pilipili na giligilani. Unaupata kwa buku mbili au mbili na nusu. Na kahawa inachuruzika tone tone kwenye kichujio kidogo cha bati, chini kuna maziwa mazito ya kopo, kisha barafu. Sehemu kubwa ya kahawa ya Vietnam ni robusta, ndugu yake hasa ile tunayolima Bukoba, ile tunayoambiwa haina hadhi. Wao ni wa pili duniani kwa kuzalisha kahawa, na robusta yao wanainywa barabarani kwa raha zao.

Sasa basi. Mimi si mwandishi wa mapishi. Siku ya nne nikaanza kujiuliza swali la bwana shamba: hivi hiki chakula kinakuwaje kitamu hivi na bei chee hivi? Nani anaumia?

Maana sisi tumezoea kwamba mlaji akipata nafuu, mkulima ndiye aliyelipia. Nyanya zikiwa bei ya kutupa Dar, ujue kuna mtu Mgeta analia. Kwa hiyo niliangalia lile bakuli kwa jicho la mashaka.

Nikakaa nikahesabu. Kwanza, yule mama anapika chakula kimoja tu. Hana orodha ya vyakula ishirini, kwa hiyo hatupi kitu jioni. Pili, hana jengo. Tatu, nyama ni kidogo, kama vipande vitano hivi vyembamba kama karatasi. Ladha inatoka kwenye mifupa, ambayo ni rahisi, na kwenye majani. Nne, na hapa ndipo nilipoinuka kwenye kigoda, hanunui majani ya wiki. Ananunua ya leo.

Kijana aliyekuwa akitutafsiria nilimwomba anisaidie kumuuliza mama wa bún chả. Majani yako unayatoa wapi? Akasema kuna mwanamke wa kijiji cha pembezoni mwa jiji anamletea kila alfajiri kwa pikipiki, mafungu yameshaoshwa na kuchambuliwa. Mnanaa, giligilani, mrehani, saladi, na jani moja la zambarau lenye harufu kali wanaloliita tía tô. Anamlipa lini? Akaniangalia kama nimeuliza kitu cha ajabu. "Pale pale." Na wamefanya hivyo kwa muda gani? Akasema tangu mama yake mzazi alipokuwa ndiye anayeuza.

Vijana wangu, hapo moyo uliniuma. Nitawaambia kwa nini hapo chini.

Wiki ya pili tulipelekwa katikati mwa nchi, karibu na mji wa kale wa Hội An, kwenye kijiji cha Trà Quế. Kijiji kizima kinalima majani ya kula. Matuta yamenyooka kama yamepigwa rula, kila tuta jani lake, na kila tuta umri wake: hili linavunwa leo, lile linavunwa keshokutwa, lile ndiyo kwanza limepandwa. Ardhi yao ni ya kichanga, wanairutubisha kwa magugu ya majini wanayoyavuta kutoka kwenye maji ya karibu na kijiji. Mzee mmoja alikuwa anamwagilia kwa ndoo mbili zenye vichwa vya kunyunyizia, zimening'inia kwenye mti wa begani, anatembea kati ya matuta maji yanamwagika pande zote mbili kwa mara moja. Hapakuwa na mashine hapo. Kulikuwa na kalenda.

Mchana ule ule tulikula mì Quảng mjini: tambi pana, mchuzi kidogo, karanga za kukaanga zilizopondwa, na rundo la majani. Majani yale yametoka matuta yale. Kati ya tuta na sahani kulikuwa na safari fupi ya baiskeli. Hakuna dalali, hakuna lumbesa, hakuna kulala sokoni kusubiri mnunuzi.

Msidhani walizaliwa wanashiba. Miaka ya themanini nchi ile ilikuwa na njaa, chakula ni cha mgao wa kuponi. Wazee wanakumbuka phở isiyo na nyama, wakaitania "phở isiyo na rubani", kama ndege inayoruka bila mtu ndani. Mwaka 1986 serikali ikageuza sera za uchumi, mwaka 1988 kaya zikapewa nafasi ya kulima na kuamua zenyewe, na mwaka 1989 nchi iliyokuwa inaagiza mchele ikaanza kuuza nje zaidi ya tani milioni moja. Lile bakuli la buku nne limesimama juu ya mabega ya wakulima walioachiwa walime wanachoweza kuuza. Sera ilifungua mlango, lakini watu wenyewe ndio waliopita na vikapu vyao.

Sasa nirudi kwenye kuumia kwangu.

Miaka michache iliyopita nilikaa na kikundi cha vijana sita, wasomi, wenye nusu eka yenye maji. Waliniuliza walime nini. Mimi, kwa kiburi cha kitaalamu, nikawaambia: achaneni na wateja wa chini, lengeni soko la juu. Limeni saladi na mnanaa kwa ajili ya hoteli. Walifanya vizuri sana shambani, siwezi kuwalaumu kwa lolote. Hoteli moja ikapokea mzigo wa kwanza ikasifu, ukaja wa pili, wa tatu, malipo "mwisho wa mwezi". Mwisho wa mwezi ukawa miezi mitatu. Siku nyingine mzigo ulirudishwa getini kwa sababu wageni walikuwa wachache. Saladi hairudi shambani, mnajua. Kikundi kikafa. Mmoja wao sasa anaendesha bodaboda, na kila nikimpigia mkono barabarani ananiita "mtaalamu" kwa namna ambayo naielewa.

Na stendi, mita mia nne kutoka shamba lile, kulikuwa na akina mama lishe na wauza supu zaidi ya ishirini. Kila siku wanahitaji giligilani, vitunguu majani, pilipili, ndimu, nyanya, mchicha. Kila siku wananunua kwa fedha taslimu. Sikuwahi kuwaona. Yaani niliwapita kwa miguu nikienda kuwatafutia vijana "soko".

Ilinibidi niende mpaka Hanoi nikae kwenye kigoda ndipo nimwone mama lishe wa kwetu.

Ndiyo maana nasema, na hili ndilo neno langu la leo: kijana unayelima biashara, usimdharau anayeuza chakula cha bei ya chini. Yule si soko la mabaki. Mzigo wake ni mdogo, lakini anakula kila siku, analipa kila siku, na hakurudishi getini. Mteja mmoja mkubwa anayekukopa ana hatari kuliko wadogo kumi na tano wanaokulipa.

Kuna mtakaoniambia, mzee, Watanzania hatuli majani mabichi kama Wavietnam. Ni kweli, na sisemi mkapande tía tô. Atakayepanda mnanaa heka nzima kwa sababu amesoma hapa, asinitaje. Msinakili bakuli lao, nakilini uhusiano wao. Kule mkulima anaijua sahani. Anajua jani lake linakwenda kwenye chakula gani, saa ngapi, kwa fungu la ukubwa gani. Wewe unajua tenga lako la nyanya linaishia kwenye sahani gani? Wengi mnaishia kwa dalali, baada ya hapo ni giza.

Niliporudi nilimchukua binti mmoja anayelima robo eka, tukaenda stendi tukala. Ndiyo, tukala kwanza, supu na chapati, siku tatu mfululizo, vibanda tofauti. Kisha tukauliza. Tukagundua mambo ambayo hayamo kwenye kitabu chochote cha ugani. Mama wa supu anataka giligilani kabla ya saa kumi na moja na nusu alfajiri, baada ya hapo haina maana kwake. Vitunguu majani vinaletwa vimelegea toka jana, na robo anatupa. Pilipili anapenda ya harufu, siyo kali tu. Na anachukia kwenda sokoni usiku, yuko tayari kuongeza kidogo akiletewa.

Binti yule sasa anapanda giligilani tuta moja kila wiki badala ya yote mara moja. Anahudumia vibanda kumi na moja. Si tajiri, nisiwadanganye. Wawili walimkopa wakapotea naye, akajifunza kwamba fungu likishuka, hela inapanda. Wakati wa mvua kubwa giligilani ilioza na wateja wakanuna. Lakini kila jioni ana hela mkononi, na hajawahi kutupa mzigo barabarani. Wale vijana sita sikuwapa hata hicho.

Onyo moja, na hili nalisema kama afisa ugani, si kama mlaji. Majani yanayoliwa mabichi hayana moto wa kuyasafisha. Ukimwagilia kwa maji ya mtaro, au ukipuliza dawa jioni na kuvuna asubuhi, unamlisha mtu sumu, na mtu huyo yuko mtaani kwako. Soma kibandiko, hesabu siku za kusubiri baada ya kupuliza, kama huwezi kusubiri basi usipulize. Mbolea ya samadi iwe imeoza vizuri. Oshea mafungu kwa maji ya kunywa. Wavietnam wenyewe hawajamaliza tatizo hili la usalama wa chakula: mwaka 2024 mkoani Đồng Nai watu zaidi ya 500 waliugua baada ya kula bánh mì kutoka duka moja. Bei nafuu isiyo safi ni ghali kuliko zote. Na chakula cha mtaani kinaishi kwa kuaminiana. Mama akiharibu jina kwa sababu ya jani lako, umejifungia soko mwenyewe.

Nina kazi moja ya kuwapa, na haina gharama kubwa. Wiki hii, badala ya kwenda tu kuuliza bei sokoni, nenda kale kwenye kibanda cha karibu na shamba lako. Kula taratibu, angalia sahani. Kisha muulize mama kwa heshima, shikamoo ikitangulia kama ni mkubwa kwako, mambo matatu: unanunua nini kila siku bila kukosa? Kipi huwa kinakuharibikia? Unakihitaji saa ngapi? Andika majibu kwenye daftari. Ukirudia vibanda kumi, utakuwa na mpango wa kupanda ambao mimi sikuweza kuwapa wale vijana sita na shahada yangu yote.

Na kama siku moja utabahatika kufika Hanoi, usikae hotelini. Toka saa kumi na mbili asubuhi, fuata harufu, kaa kwenye kigoda, onesha kidole. Kamua ndimu, tia pilipili kidogo. Ukimaliza supu, angalia yale majani mawili matatu yaliyobaki chini ya bakuli, ukumbuke kuna mtu aliamka usiku kuyachuma, na alishalipwa kabla hujakaa.

Shamba jema, vijana wangu. Tukutane kwenye msimu.